Jina la mganga wa Kahura: Historia fupi ya marejeleo ya tiba

MWAKA wa 1879, mahali palipoitwa Kahura katika ufalme wa Bunyoro, mmishenari kijana aliyesomea tiba, Robert Felkin, alimwona mganga akimpasua mama tumbo ili mtoto atoke. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kumwosha mganga mikono na mama tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa vijiti saba vya chuma vilivyosuguliwa vikang'aa, vikakazwa kwa uzi wa gome la mti. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Enzi hizo, upasuaji kama huo huko Ulaya aghalabu ulimwua mama.

Felkin aliyachapisha haya katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka wa 1884. Leo hii mwanafunzi wa udaktari wa Eldoret au Makerere akitaka kuyarejelea, ataandika hivi mwishoni mwa makala yake:

Felkin RW. Notes on labour in Central Africa. Edinb Med J. 1884;29:922-30.

Mstari mmoja tu, na umebeba mwandishi, kichwa cha makala, jarida, mwaka, juzuu na kurasa. Asiyekuwemo ni mganga. Felkin hakutuachia jina lake.

Nimeanzia Bunyoro kwa sababu wanafunzi wengi wa uzamili hudhani marejeleo ni adhabu iliyobuniwa na wahariri wasio na kazi. Nukta hapa, nuktamkato pale, jina la jarida likatwe, lisikatwe. Kumbe kanuni hizo zina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni kuamua jina la nani liandikwe na liandikwe vipi.

Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake kitambo. Wanazuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja walizisoma hadithi za Mtume pamoja na isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Mlolongo ukiwa na pengo, au mmoja wao akijulikana kwa uongo, hadithi ilishushwa daraja. Hapakuwa na nambari za kurasa, ila swali lilikuwa lile lile: umeyapata kwa nani?

Mtindo tuuzoeao sisi watu wa lugha, wa jina na mwaka katika mabano, huitwa wa Harvard. Chanzo chake hutajwa kuwa Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa chuo hicho, aliyeutumia mwaka wa 1881 katika makala ndefu kuhusu konokono asiye na gamba. Naam, konokono! Kila tasnifu ya fasihi ya Kiswahili iliyojaa mabano ina deni kwake.

Madaktari walishika njia nyingine. Mwezi Januari 1978, kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada. Kila jarida lilikuwa na mtindo wake, na makala ikikataliwa huku sharti ichapwe upya kwa taipureta ndipo ipelekwe kule. Wahariri wakakubaliana masharti ya pamoja, yakatolewa mwaka wa 1979: kila chanzo kipewe nambari kwa kadiri kinavyojitokeza katika matini, na orodha ya mwisho ifuate mpangilio huo huo. Umbo la marejeleo likatoka Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyokuwa ikitoa faharasa ya Index Medicus, ambayo John Shaw Billings aliianzisha mwaka wa 1879, mwaka ule ule wa Kahura. Ndiyo maana jarida letu la East African Medical Journal likirejelewa hukatwa likawa East Afr Med J, bila nukta hata moja.

Ila shida yenyewe imo katika majina. Mtindo huu hutaka jina la ukoo kwanza, kisha herufi za mwanzo za mengine. Unadhania kwamba kila mtu ana jina la ukoo. Sasa njoo kwetu, kati ya Kitale na Bungoma. Mbukusu aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula au Nafula. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Hayo ni majina ya misimu, si ya koo. Waandishi wangapi watakuwa Wekesa J? Yumo Joseph, yumo Jane, yumo Joshua, nao hawana udugu wowote. Na Nekesa binti Wafula akichapisha utafiti wake, orodhani atasomeka Wafula N, kana kwamba aliyetafiti ni babake.

Hata Shaaban Robert hakuponea. Robert ni jina la babake, na mwenyewe aliwahi kujiandika Shaaban bin Robert. Lakini fungua tasnifu yoyote umtafute chini ya herufi S. Humpati.

Kiswahili nacho kimefanya maamuzi yake. Tunatenganisha marejeleo, yaani vyanzo vilivyotajwa ndani ya makala, na bibliografia, inayoweza kuingiza hata vilivyosomwa tu. Kifupisho cha Kilatini et al. maana yake ni "na wengine" tu, lakini sisi tulichagua "na wenzake". Naupenda uchaguzi huo. Katika tiba, ambako waandishi wakizidi sita hutajwa sita wa kwanza na waliobaki humezwa na kifupisho hicho, afadhali mtu amezwe akiwa mwenza.

Majuzi tabibu mmoja kijana kutoka Naitiri aliniletea muswada uliorudishwa na mhariri. Aliongeza chanzo kimoja katikati, nambari zote zilizofuata zikavurugika. Hilo ni dogo. Programu kama Zotero hupanga nambari zenyewe. Tena nilimwambia achague umbo moja la jina lake na asilibadilishe, ajisajili pia ORCID, mfumo ulioanza mwaka wa 2012 na unaompa kila mtafiti tarakimu 16 zake peke yake.

Kilichonishughulisha zaidi ni sentensi iliyosema kwamba "mkunga mmoja wa kienyeji" ndiye aliyemfunza dalili fulani ya hatari kwa wajawazito. Mbona hana jina? Akanijibu, eti maelezo ya mdomo hayaingii katika marejeleo. Ni kweli, hayaingii orodhani. Lakini kanuni hizo hizo za Vancouver huyaruhusu ndani ya matini, iwapo ni ya lazima na hayapatikani kwingine: jina la aliyesema na tarehe katika mabano, kwa idhini yake ya maandishi. Mgonjwa hufichwa jina ili alindwe. Huyu mama si mgonjwa wala hakufanyiwa utafiti, alikuwa mwalimu.

Mkunga mwenyewe ana majina matatu: la ubatizo, la msimu aliozaliwa, na la mumewe. Nimemwambia kijana akamwulize ni lipi angependa lichapishwe.