Wekundu wa majaruba ya Nunge

Wanahistoria wa Bagamoyo huanzia kwenye pembe za ndovu na misafara ya watumwa. Mimi ningeanzia kwenye chumvi. Hadi katikati ya karne ya 18 hapa palikuwa kituo kidogo cha wavuvi na wakulima, na bidhaa zake zilikuwa samaki, sandarusi na chumvi. Misafara ilikuja baadaye, ikapita. Chumvi ingali inavunwa Nunge, kaskazini ya mji, na huko Saadani. (Hata maiti ya Livingstone, iliyofikishwa hapa Februari 1874, ilitiwa chumvi na kuanikwa juani kwanza, ndipo ikabebwa kutoka kijiji cha Chitambo.)

Mjomba wangu, aliyezeekea kwenye majaruba, aliyasoma maji kwa macho. Maji ya bamvua huingizwa jaruba la kwanza, yakahamishiwa la pili, la tatu, yakizidi ukali. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Kabla chumvi haijaanza kuganda, karibu sehemu 9 kati ya 10 za maji hayo sharti ziwe zimekwenda na jua na upepo. Hapo ndipo maji hugeuka mekundu kama juisi ya rozela. "Mpwa wangu, yakishaiva hivi usiyaguse," alikuwa akiniambia. Alikuwa na sababu: maji mekundu hufyonza joto zaidi, yakakauka upesi.

Wekundu huo ni uhai. Mwaka 1838 Mfaransa Michel Félix Dunal aliuchunguza kwenye mashamba ya chumvi ya kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1905 Teodoresco wa Romania akaupa mwani mmojawapo jina la Dunaliella. Ni mwani wa seli moja, una mijeledi miwili ya kuogelea na doa la rangi ya machungwa linalousaidia kujua mwanga unatoka upande gani. Jua likizidi hujijaza karotini kujikinga.

Mwenzake katika maji hayo mekundu, kijidudu Halobacterium, ndiye anayenishangaza zaidi. Hana doa wala chochote cha kuitwa jicho. Huogelea mbele, na baada ya sekunde kadhaa hurudi kinyumenyume. Akiingia kwenye mwanga wa rangi ya machungwa, huchelewa kugeuza, basi huzidi kwenda. Akipigwa na mwanga wa buluu au urujuanimno, hugeuza mara moja. Halinganishi huku na kule. Hulinganisha mwanga wa sasa na wa punde tu. Mwanga wa machungwa ni riziki yake, ule wa buluu na urujuanimno humdhuru. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius walieleza kwamba utando wake wa zambarau una protini iliyoshika retinali, kitu kile kile kilichomo machoni mwetu. Oksijeni ikipungua majini, protini hiyo humpatia nguvu kutoka kwenye jua lenyewe.

Lakini mwanzoni alijulikana kwa uharibifu. Mwaka 1919 Mjerumani Klebahn aliandika juu ya samaki wa chumvi walioingia wekundu. Akina mama wa sokoni hawahitaji kusoma hayo: ng'onda ikianza kupiga wekundu, hawainunui, na bei yako haisikilizwi.

Masika yakiingia, kazi ya majaruba husimama. Mvua huzimua maji, na Halobacterium, ambaye mwili wake hushikamana kwa chumvi nyingi, hupasuka. Dunaliella huvumilia.