Farhad Mehrad na Wimbo Uliotoka Nje ya Filamu

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wa fasihi kuuchukulia wimbo wa filamu kuwa pambo tu. Hutungwa ili kukidhi haja ya tukio fulani, na tukio hilo likishapita wimbo nao huhesabiwa kuwa umemaliza kazi yake. Maisha ya Farhad Mehrad, mwimbaji wa Kiirani aliyefariki mwaka 2002, yanaupinga mtazamo huo. Nyimbo zake mashuhuri zilizaliwa katika filamu, lakini maana yake ilikamilishwa na wasikilizaji mitaani.

Farhad alizaliwa Tehran mnamo Januari 1944. Katika miaka ya 1960 alijulikana katika kumbi za starehe za mji huo akiwa na bendi ya Black Cats, akiimba nyimbo za Magharibi kwa Kiingereza. Wakati huo filamu nyingi za Iran zilikuwa zile ambazo wahakiki waliziita kwa dharau filmfarsi. Nyimbo na ngoma za mikahawani zilipachikwa humo hata pale ambapo kisa hakikuzihitaji. Mabadiliko yalidhihirika mwaka 1969 katika filamu ya Qeysar ya mwongozaji Masoud Kimiai. Mtunzi wa muziki wake, Esfandiar Monfaredzadeh, aliingiza mapigo ya ngoma ya zurkhaneh, nyumba ya jadi ya mazoezi ya nguvu, na kwa njia hiyo muziki ukawa sehemu ya tabia ya mhusika.

Mwaka 1970 Kimiai na Monfaredzadeh walimwita Farhad kuimba katika Reza Motori. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Behrouz Vossoughi, ni kijana wa pikipiki ambaye mwisho wake ni kifo. Wimbo wa Mard-e Tanha, yaani "Mwanamume Mpweke", uliandikwa na mshairi kijana Shahyar Ghanbari. La kuzingatiwa ni kwamba sauti ya Farhad haikuwekwa kinywani mwa mwigizaji kama ilivyokuwa desturi. Ilisikika kutoka nje ya kisa, mithili ya msimulizi anayemhurumia mhusika asiyeweza kujieleza. Kwa istilahi za fasihi, wimbo ulikuwa umechukua nafasi ya nafsineni.

Mwaka uliofuata watatu hao walitoa Jomeh kwa ajili ya Khodahafez Rafigh, filamu ya kwanza ya Amir Naderi, inayohusu wizi na usaliti baina ya marafiki. Jomeh ni neno lile lile la Kiarabu lililozaa Ijumaa ya Kiswahili, na nchini Iran hiyo ndiyo siku ya mapumziko ya juma. Katika wimbo huu mapumziko yamegeuzwa kuwa uzito na majonzi. Hakuna mtawala anayetajwa wala tukio linaloelezwa. Hata hivyo, mnamo Februari 1971 wapiganaji wa mrengo wa kushoto walikuwa wamekishambulia kituo cha askari huko Siahkal, kaskazini mwa nchi, na wengi wa waliohusika wakauawa. Hadhira iliyoishi chini ya udhibiti wa maandishi iliusikia wimbo huo kama maombolezo yao. Miaka saba baadaye, siku ya Ijumaa tarehe 8 Septemba 1978, wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji katika Uwanja wa Jaleh, Tehran. Tangu hapo wimbo wa zamani ulisikika kana kwamba umetungiwa siku hiyo.

Je, ikiwa maana huletwa na msikilizaji, mshairi anabakiwa na nini? Jibu ni kwamba si kila wimbo unaweza kubeba mzigo wa aina hiyo. Jomeh iliweza kwa sababu taswira zake ni wazi kwa hisia lakini hazifungwi na tukio moja, na kwa sababu sauti nzito ya Farhad haikujipamba. Mpenzi wa tarabu hatakuta jambo geni hapa, kwani anafahamu jinsi fumbo moja linavyoweza kupokewa na watu wengi, kila mmoja kwa jeraha lake.

Kinyume chake ni Vahdat, wimbo ulioandikwa na mshairi Siavash Kasrai na kutiwa muziki na Monfaredzadeh, uliosikika wakati wa ushindi wa mapinduzi mnamo Februari 1979. Huu ulifungamana na furaha ya siku zake. Tena haukumkinga mwimbaji wake. Chini ya utawala mpya Farhad alizuiwa kwa miaka mingi kutoa kazi zake, hadi mwaka 1993 ilipotoka kaseti ya Khab dar Bidari. Alifia Paris tarehe 31 Agosti 2002, akazikwa huko huko.

Hivyo basi, tawala mbili zilizopingana hazikujua la kumfanyia mwimbaji mmoja. Mhakiki anayetaka kuielewa historia hii hana budi kuanza na filamu, lakini asiishie humo. Hana budi pia kuuliza wimbo ulisikilizwa na nani, siku gani, na kwa hofu ipi, kwani kwa wimbo wa aina hii maswali hayo ni sehemu ya matini yenyewe.