Sumu Isiyo na Shahidi: Kifo cha Sayyid Hamad, 1896

Kwamba Sayyid Khalid bin Barghash alimtilia sumu binamu yake, Sultani Hamad bin Thuwaini, ni tuhuma inayorudiwa katika masimulizi ya Unguja kana kwamba iliwahi kuthibitishwa. Haijathibitishwa hata leo. Hamad alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri. Alasiri hiyohiyo alikwisha kuzikwa, na Khalid alikwisha kuingia kasri na kujitangaza. Haraka hiyo ndiyo msingi mzima wa tuhuma.

Maziko ya haraka hayathibitishi kitu: Waislamu humsitiri maiti wao mapema. Linalobaki ni haraka ya Khalid, na hapo tunaye shahidi wa desturi za ukoo wao asiyeulizwa ipasavyo: Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Wengi humsoma kwa ajili ya mapenzi yake na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete. Wanasahau kwamba alikuwa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash.

Mwaka 1859 Barghash, baba yake Khalid, alitaka kumpindua kaka yake, Sultani Majid, na nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Salme na dada yake Khole wakaingia usiku, wakamfunika Barghash nguo za kike hata yakabaki macho tu, wakamweka katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisimfichue, wakatoka naye mbele ya walinzi. Askari hawakuthubutu kuwagusa mabinti wa Sultani. Barghash akakimbilia shamba la Marseilles, akashindwa kwa msaada wa Waingereza, akahamishiwa Bombay. Mwaka 1870 akawa Sultani.

Ukoo huu haukuwa na sheria thabiti ya urithi. Aliyewahi na kuungwa mkono ndiye aliyetawala. Hata mauaji ya ukoo huu yanajulikana kwa majina: Sayyid Said alimuua binamu yake Badr bin Seif mwaka 1806, naye Thuwaini, baba yake Hamad, aliuawa Sohar, Oman, mwaka 1866 na mwanawe Salim. Khalid mwenyewe alikwishajaribu kuingia kasri mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said. Kwa desturi ya nyumba yao, mwanamfalme kuwahi kasri lilikuwa jambo la kutarajiwa, na halimfanyi kuwa muuaji.

Tofauti ya 1896 ni kwamba Unguja ilikuwa himaya ya Uingereza tangu 1890, na Uingereza ilidai Sultani asikalie kiti bila idhini yake. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti manowari zake zililipiga kasri kwa chini ya dakika 45. Watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hamoud bin Mohammed, chaguo la Waingereza, akawekwa kitini. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa mwaka 1916, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Tuhuma ya sumu iliwafaa walioshinda, kwani hakuna anayemlilia muuaji aliyepigwa mizinga. Anayedai leo kwamba Khalid aliua alete ushahidi. Asipokuwa nao, walimu na waandishi wetu waiite kwa jina lake: uvumi.