Nani kala RAM ya mzee wa Mwenge?

Wadau, juzi nilipita Mwenge, si kwenye vinyago, ni kule kwa mafundi wa kompyuta. Nikamkuta mzee mmoja (jina kapuni) kapandisha kweli kweli. Kanunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya steshenari yake, kalipia RAM iongezwe kutoka GB 2 hadi GB 4. Kufika nyumbani mashine inamwambia zimo GB 4, lakini zinazotumika ni 3.2.

"Kijana, umenichakachulia RAM!"

"Mzee wangu, haki ya Mungu kipande kimo humo humo."

Cha ajabu wote wawili walikuwa wakweli. Kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma miaka arobaini hivi.

Mwaka 1985 Intel ilitoa prosesa ya 386, iliyokuwa ikihesabu anwani za kumbukumbu kwa biti 32. Hizo zinakupa anwani 4,294,967,296, yaani GB 4, basi. Hapa Bongo, ambako serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, wachache sana waliiona ilipotoka. Hata huko ilikotoka hakuna aliyelalamika. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, 386 yake ilikuwa na MB 4 tu. MB, sio GB!

Sasa, anayegawa kumbukumbu ndani ya mashine ni kerneli, kiini cha mfumo mzima. Mimi naifananisha na karani wa ardhi: kiwanja ambacho hakina namba kwenye daftari lake hakipo, hata kama umeshapanda mihogo. Na karani wa Linux alikuwa na masharti yake. Kati ya zile anwani za GB 4, 3 aliziachia programu, 1 akajiwekea mwenyewe, kisha akataka RAM yote ienee ndani ya hiyo 1 yake. Akitoa MB 128 za shughuli nyingine, zinabaki MB 896. Ukiweka RAM ya GB 1, kipande kinabaki bila kazi, na umeshakilipia.

Mwaka 1995 Intel ikaja na Pentium Pro, yenye mbinu iitwayo PAE: anwani za biti 36, RAM hadi GB 64. Prosesa iko tayari, karani bado. Kazi ya kumfundisha ilifanyika sana mwaka 1999, na Linux 2.4 ilipotoka Januari 2001 ukawa na chaguo tatu: bila nyongeza, GB 4, au GB 64. Unaandika make menuconfig, unaingia sehemu ya prosesa, unachagua, unaikusanya kerneli upya (kwenye mashine ya zamani unaweza kwenda kula chipsi mayai ukarudi), unabuti, kisha free -m inakuonyesha kama umepata haki yako.

Mtu atauliza, kwa nini wasichague GB 64 moja kwa moja kwa kila mtu? Kwa sababu daftari la PAE ni nene, kila mstari una upana mara mbili, na mashine inalipa kwa kasi. Halafu kerneli ya PAE haiwaki kabisa kwenye prosesa isiyo na PAE, na baadhi ya Pentium M za kwenye laptop hazikujitangaza kuwa nayo. Tena kila programu moja moja ilibaki na GB 3 zake zile zile.

Microsoft ndio wananikera hapa. Windows XP SP2 ya mwaka 2004 iliweza kuwasha PAE kwa ajili ya usalama, lakini ikaamriwa isiguse RAM yoyote iliyo juu ya anwani ya GB 4, kwa hoja kwamba draiva nyingi zilikuwa zinaangusha mashine. Wakati huo huo matoleo ya seva ya bei mbaya, ya biti 32 hizo hizo, yalivuka. Windows 7 ya biti 32 ikarithi ukuta huo. Na chini ya ukuta kadi ya picha na vifaa vingine navyo vinadai anwani zao, ndipo 4 inakuwa 3.2.

AMD ilileta biti 64 kwenye familia hii ya prosesa mwaka 2003. Windows 11 ya mwaka 2021 haina toleo la biti 32 kabisa, na Linux 6.15 ya Mei 2025 imeliondoa lile chaguo la GB 64. Lakini mitumba bado inashuka, na flashi ya fundi bado ina Windows 7 ya biti 32, kwa sababu inakubali karibu kila mashine.

Tukaangalia prosesa ya mzee: Core 2 Duo, biti 64 anaziweza. Nikawatahadharisha kwamba ubao wenye chipseti ya Intel 945 ungegoma hata hivyo, maana hauwezi kuihamishia RAM iliyozibwa kwenye anwani za juu. Wa kwake haukuwa huo. Fundi akapiga Windows ya biti 64, ikasoma 3.9. Mzee akacheka, akaomba wajaribu printa yake ya zamani aliyokuja nayo.

Printa haikuwa na draiva ya biti 64. Nilipoondoka mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, fundi anaitafuta mtandaoni.