Kwa nini cha bure hakitakiwi? Jambo OpenOffice na stesheneri ya mjomba

Mwenzenu nimerudi chuo salama. Likizo nilikuwa nyumbani Sindeni, kule kati ya Korogwe na Handeni, na leo naanza kwa kuungama kosa langu.

Mjomba wangu ana stesheneri ndogo: kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi. Windows yake ilikuwa ya kuchoma, imejaa virusi mpaka inagugumia. Mimi msomi nikajitia fundi, nikaifuta yote, nikaweka Ubuntu na LibreOffice. Bure kabisa na halali! Siku mbili nilitembea kifua mbele. Siku ya tatu akaja mwalimu na flashi, mtihani wa kesho asubuhi. Tulipoufungua, jedwali limehama, maswali yamekatika katikati, kurasa nne zimekuwa sita. Mwalimu akapanda bodaboda kwenda kuprinti Korogwe, na usiku ulikuwa unaingia. Mjomba hakunifokea. Alisema tu, "Mpwa wangu, mimi nakula kwa hii mashine." Kesho yake nikamrudishia Windows.

Basi nikajiuliza, kwa nini watu wanakataa cha bure? Mimi nasoma historia, nikaona nianzie huko.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo zilipoanza kumiminika, hasa miaka ya 1990, zilikuja tayari na Windows ndani. Richard Stallman alikuwa ameshatangaza mradi wake wa GNU tangu 1983, na Linus Torvalds ametoa Linux mwaka 1991, lakini nani huku alisikia? Aliyetangulia ndiye aliyetufundisha kushika "mausi", na mazoea yana taabu jamani.

Wapo waliojaribu kugeuza mambo, tena hapa hapa Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden kilianzisha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Hebu fikirini: bure, na kwa lugha ya bibi yangu! Mwaka huo huo Microsoft nao wakatangaza kwamba wataleta programu zao kwa Kiswahili. Leo ulizeni kwenye stesheneri yoyote mnayoijua kama kuna aliyewahi kuiona hiyo Jambo.

Mimi naona sababu ni tatu.

Kwanza, bei. Wafuasi wa programu huria walidhani watashinda kwa kuwa yao ni bure. Lakini kwetu Windows nayo ilikuwa bure, au bei ya CD tupu, kwa sababu ilikuwa ya wizi! Duka likigawa sukari bure halafu jirani naye akagawa bure, utaenda kwa uliyemzoea.

Pili, fundi. Windows ikiharibika, kuna kijana mtaani anajua kuitengeneza. Linux ikigoma pale Sindeni, fundi ni mimi, na mimi niko chuo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, kompyuta si ya mtu mmoja. Mjomba anapokea mafaili ya shule, kata na kanisa. Ukihama peke yako, ni kama kuongea Kizigua kwenye mnada ambao wote wanaongea Kiswahili. Lugha yako haina kosa, ila huuzi kitu. Hata matajiri wamekwama hapo. Jiji la Munich kule Ujerumani lilihamia Linux kwa miaka kadhaa, halafu mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows.

Sasa kichekesho. Mjomba aliyeikataa Linux anayo mfukoni! Simu yake ni Android, na Android imejengwa juu ya Linux. Filamu zake anaangalia kwa VLC, programu huria ile. Hakuna aliyemwomba ahame. Simu ilikuja nayo, na majirani wote wanayo. Kwa hiyo watu hawachukii uhuru. Wanachoogopa ni kukosa mkate wakati wa kuhama.

Sisi walimu watarajiwa tuna la kujifunza. Tukienda kufundisha, tusimfundishe mtoto kubofya kitufe cha kampuni fulani, tumfundishe kuandika waraka, ili programu yoyote asiiogope. Na mwenye shauku kama yangu, asianze kwa kufuta. Mimi ningeweka LibreOffice pembeni ya ile ya zamani, mjomba akaizoea taratibu, na yule mwalimu asingepanda bodaboda usiku.

Mjomba, nisamehe. Na mwalimu pia, popote ulipo.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ngoja niwahi ugali kabla foleni haijafika mlangoni!