Njiti nao huumia: ugomvi uliochukua miaka

Inakaribia miaka 40 tangu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kitamke, mwaka 1987, kwamba mtoto mchanga anayepasuliwa apewe ganzi au dawa ya usingizi kama mgonjwa mwingine yeyote. Je, kabla ya hapo?

Kabla ya hapo, watoto wachanga wengi walilegezwa misuli tu. Mtoto hakuweza kufurukuta wala kulia, na kisu kikaendelea. Iliaminika kwamba neva za njiti hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu, na kwamba dawa za usingizi zingemuua. Hoja ya pili haikuwa ya kipuuzi, kama tutakavyoona.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni mama mmoja wa Marekani, Jill Lawson. Mwanawe Jeffrey alizaliwa njiti mwaka 1985, akapasuliwa kifua huko Washington kufunga mshipa ulio karibu na moyo, na baada ya wiki kadhaa akafariki. Mama alipodadisi ndipo alipojua kuwa mtoto alipewa dawa ya kulegeza misuli pekee. Alipasuliwa akiwa macho. Akajibiwa kwamba haijawahi kuthibitishwa kuwa njiti huhisi maumivu. Jibu hilo hakulimeza. Aliandika barua huku na kule, na mwaka 1986 gazeti la Washington Post likakichapa kisa chake. Madaktari waliokuwa wakijadiliana wao kwa wao sasa walilazimika kuwajibu wazazi.

Uthibitisho ulitoka Oxford, Uingereza. Januari 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya njiti waliofanyiwa upasuaji kama ule wa Jeffrey: walioongezewa fentanili, dawa ya maumivu, hawakutaabika mwilini kama wenzao, na walipata matatizo machache zaidi baadaye.

Chumba cha upasuaji kikabadilika. Kitanda cha uchunguzi wa macho, ambao njiti hufanyiwa ili kuuwahi ugonjwa wa retina, kikachelewa.

Ugonjwa huo ulielezwa Boston na Theodore Terry mwaka 1942. Miaka ya 1950 oksijeni ya kupita kiasi ikabainika kuwa chanzo kikubwa. Ili kuuwahi, daktari hutanua kope kwa chuma, huubonyeza ukuta wa jicho na kumulika ndani kwa taa kali, kisha hurudia baada ya wiki moja au mbili. Kuuita huu uchunguzi wa kawaida ni kumtazama daktari na kumsahau mtoto. Matone ya ganzi na maji ya sukari hupunguza maumivu, hayayamalizi.

Oxford wakajaribu tena: mofini ya kunywa kabla ya uchunguzi. Walikusudia watoto 156, wakasimamisha jaribio baada ya 31 kwa sababu ya matatizo ya kupumua, na maumivu yenyewe hayakupungua kwa kiasi cha maana. Matokeo yalitoka mwaka 2018, na ile hofu ya zamani ya dawa ikaonekana haikuwa ya bure.

Hospitali zetu za Afrika Mashariki sasa zinaokoa njiti wengi zaidi, kwa hiyo macho ya kuchunguzwa yanaongezeka. Tulicho nacho ni cha bei ndogo: matone ya ganzi, sukari ulimini kama dakika mbili kabla, mwili uliofungwa vizuri kwenye kanga, na mama aliye tayari kumpokea kifuani chuma kikishatoka.