Kanisa Lililomtangulia Askofu: Waanglikana wa Mangina na Mizizi Yao

Historia ya Kanisa Anglikana katika Kivu ya Kaskazini mara nyingi huanzia 1992, Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ilipopata jimbo lake la Kianglikana na Butembo ikawa makao ya dayosisi. Nadai kwamba mwanzo huo umechelewa mno. Jumuiya kama ya Mangina, magharibi ya mji wa Beni, haieleweki kwa kuhesabu maaskofu.

Mzizi uko katika kijiji cha Boga. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda ambaye hakuwa bado na daraja takatifu lolote, alivuka bonde la Semliki kutoka Uganda akaanza kufundisha watu kusoma na kusali. Dada wa Tabaro, chifu wa Boga, alipokufa kwa kuchomwa na mkuki uliofichika katika nyasi za kujengea, Apolo alishutumiwa, akafungwa na kupelekwa Uganda. Alipoachiwa alirudi kulekule. Kabla ya kufa 1933, aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Ituri, kinyume cha desturi ya kwao. Mangina iko pembezoni mwa msitu huo.

Kwa nini basi Waanglikana walikawia kufika huko? Wamisionari wa Kiprotestanti walikwisha kugawana nchi: Wanande, wenyeji wa eneo la Beni na Butembo, waliangukia zaidi mikononi mwa Wabaptisti wa Katwa, huku mapadri Wakatoliki wa Shirika la Assumption wakiwa Beni tangu 1929. Boga ikabaki pembeni. Uhuru ulipokuja watu walihama kwa biashara, masomo, mashamba na vita, nao wakahama na ibada yao. Emma Wild-Wood, katika kitabu chake cha 2008, ameonyesha wazi kuwa uhamaji ndio uliolieneza kanisa hili. Dayosisi ya Boga ya 1972, na zilizofuata, zilikuja kuwatunza waumini ambao wengi wao walikwisha kujikusanya.

Wapo watakaosema kwamba pasipo askofu hakuna Uanglikana. Kwa kipaimara na daraja takatifu, ni kweli. Lakini anayewatembelea wagonjwa Jumanne, na anayeongoza sala kasisi akiwa parokia nyingine, ni katekista na akina mama wa Umoja wa Mama. Hao ndio kanisa la kila wiki.

Uzito wao huonekana zaidi wakati wa msiba. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, na kitovu chake kilikuwa Mangina. Hadi Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200. Kushikana mikono kukakatazwa, ndoo za maji ya klorini zikawekwa milangoni, na ndugu wakazuiwa kuosha maiti zao. Tume ya uchaguzi ilipoahirisha uchaguzi Beni na Butembo Desemba 2018, shaka ya watu kuhusu mlipuko huo ilizidi. Katika hali hiyo, neno la kinga lilihitaji kinywa kinachoaminika, na imani ya namna hiyo haijengwi kwa wiki moja na mgeni aliyeshuka garini. Huijenga mtu aliyezika wafu wa kijiji kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wa teolojia wa Bunia na Butembo: nendeni kwa makatekista wazee na akina mama wa parokia, mwandike majina na safari zao sasa, kabla vita havijateketeza daftari za ubatizo.